Tulivyompumzisha Mama Pasi

Dhambi zangu nyingi nimezitenda kwa uvivu. Hii moja niliitenda kwa bidii, nikiwa na ajenda, kalamu mbili na kikombe cha chai ya bure. Nilimnyang'anya mama yangu mdogo kitu pekee alichokuwa nacho kanisani, na nilipomaliza watu walipiga makofi.

Parokiani wanamwita Mama Pasi. Mimi namwita Mama Mdogo, maana ndiye aliyemfuata mama yangu kuzaliwa. Ukimwita Mama Pasi mbele ya mama yangu utaulizwa kama ni pasi iliyokubeba mgongoni ulipokuwa na surua. Ni mwanamke mfupi, mwenye mikono mikubwa iliyoazimwa kwa mtu mrefu, na kovu jembamba juu ya kiwiko cha kushoto ambalo yeye huliita saa yake, kwa sababu anajua mwaka, siku na shuka lililosababisha.

Alianza kupiga pasi akiwa na miaka kumi na saba, kwenye chumba cha kufulia cha hospitali moja, nyuma ya jengo la wodi, mahali ambapo mvuke hautoki hata madirisha yakifunguliwa yote. Mashuka, makoti ya madaktari, mapazia ya wodi. Anasema hospitali ilimfundisha mambo mawili: doa la damu halipelekwi kwenye maji ya moto, na daktari mwenye koti safi kuliko wenzake mfuatilie, huenda hafanyi kazi. Hospitali ilipoleta mashine kubwa, yeye na wenzake wanne wakaagwa kwa soda. Akahamishia kazi nyumbani. Meza ndefu iliyofunikwa blanketi la zamani, pasi ya umeme ya siku za kawaida, na pasi ya mkaa ya siku ambazo umeme umekwenda kutembea.

Mume wake, yaani baba yangu mdogo, ni fundi viatu. Walikutana kwa ajili ya kisigino. Mama Mdogo alimpelekea kiatu, fundi akakirekebisha, kesho yake kisigino kikang'oka. Akarudi. Kikang'oka tena. Mara ya tatu Mama Mdogo akasimama mbele ya kibanda, mkono kiunoni, akamuuliza, "Fundi, hujui kazi au unaijua sana?"

"Naijua sana," fundi akajibu.

Wamekaa pamoja tangu hapo. Tatizo ni kwamba fundi alikuwa ameshafunga ndoa kanisani akiwa na miaka ishirini na miwili. Bibi harusi alikaa miezi minane, akasafiri, akatuma barua moja tu iliyosema asitafutwe. Baba Mdogo ni mtu mtiifu, hakumtafuta. Lakini Kanisa halijasahau harusi ile, na bila kujulikana kama yule mwanamke yu hai, au kama ndoa yenyewe ilikuwa na kasoro tangu mwanzo, hawa wawili hawawezi kufunga ndoa mbele ya altare, na wanaoishi pamoja bila hiyo hawaruhusiwi kupokea komunyo. Jalada lilifunguliwa. Wakaombwa mashahidi. Shahidi mmoja alikuwa amefariki, mwingine alikuwa hai lakini kumbukumbu zake zimetangulia. Jalada likalala.

Kwa hiyo kila Jumapili, wakati wa komunyo, benchi la tatu upande wa kushoto huinuka lote isipokuwa watu wawili. Baba Mdogo hufungua kitabu cha nyimbo na kukisoma kama mtu mwenye mtihani kesho. Mama Mdogo hupiga magoti akitazama altare, moja kwa moja, bila kufumba macho. Hata binti yao alipoolewa kanisani humo humo, na gauni lake limepigwa pasi na mama yake hadi saa ya mwisho, mama alibaki benchini wakati binti anakwenda kupokea.

Lakini altare aliyokuwa akiitazama ilikuwa imevaa kazi yake. Mtawa aliyekuwa akifua vitambaa vya altare alihamishwa, paroko wa wakati ule akauliza kwenye matangazo nani atajitolea, kanisa zima likaanza kukagua kucha. Mama Mdogo akanyoosha mkono. Hiyo ilikuwa miaka ishirini na miwili iliyopita.

Niliona alivyokuwa akifanya, maana Jumamosi nyingi nilikwenda kwake kula. Alikuwa na beseni la bati la kazi hiyo tu, na hakuna aliyeruhusiwa hata kuoshea mikono humo. Kwanza korporale, kile kitambaa cha mraba kinachowekwa chini ya kikombe na hostia, ule mkate wa komunyo. Alikikunjua polepole, akakitazama kwenye mwanga wa dirisha kama kuna chembe ya hostia, akakiloweka. Maji yale ya kwanza hayakumwagwa mferejini. Aliyatoa nje na kuyamwaga chini ya ua la ukutani, mahali ambapo hapakanyagwi. Kisha ndipo ikaja sabuni. Nta ya mishumaa aliitoa kwa kuweka karatasi ya kaki juu na kupitisha pasi, karatasi ikanywa nta yote. Mwisho alikunja korporale mara tatu kwa mara tatu, miraba tisa, pembe zikiangalia ndani. Kutokana na vitambaa vya kufutia kikombe aliweza kukwambia padre gani alisoma misa gani. "Huyu kijana mpya," alisema siku moja, "anafuta kikombe kama anafuta ubao. Atakuwa alisoma hesabu."

Nilikuwa nayajua yote mawili: kwamba haendi mezani, na kwamba vitambaa vya meza viko mikononi mwake. Niliyajua kama mtu anavyojua jina la mtaa wake na siku yake ya kuzaliwa. Hayakuwahi kukutana kichwani mwangu.

Sasa mimi. Nilisoma ustawi wa jamii chuoni kwa miaka miwili, diploma ikaishia katikati kama daraja lililoishiwa saruji. Mtu mwenye nusu ya diploma ni hatari kuliko asiye nayo kabisa. Anajua maswali yote, majibu yalikuwa mwaka wa mwisho. Parokia ilipotafuta katibu wa Kamati ya Haki na Amani, mtu anayeweza kuandika "kwa mujibu wa" bila kukata, wakaniona.

Mwaka huo paroko alitaka tusome Mafundisho Jamii ya Kanisa kwa vitendo. Jumamosi tatu mfululizo, ukumbini, nilisimama na chaki. Utu wa mtu. Hadhi ya kazi. Mshikamano. Nilipofika kwenye kanuni ya auni nilijisikia vizuri sana. "Auni," nikawaambia, "maana yake ni hivi: jambo ambalo mdogo analiweza mwenyewe, mkubwa asimpokonye kwa kisingizio cha kumsaidia. Mtoto anayejua kufunga kamba za viatu, mwache afunge, hata kama mmechelewa." Watu wakacheka, wakaandika. Mama Mdogo alikuwepo, nyuma, na daftari lake. Naye aliandika.

Wiki iliyofuata kamati ikakaa kuamua tutende nini. Mwenyekiti wetu ni mwalimu mkuu mstaafu ambaye bado anawaambia watu wazima wakae vizuri. Alikuwepo nesi wa zahanati, mwanamke asiye na muda wa maneno marefu, na paroko mwenyewe pembeni, akisikiliza. Wengine wawili walikuwa na udhuru, kama kawaida ya haki na amani.

"Tumetazama nje sana," nikaanza. "Tunawasema wenye viwanda, tunawasema wenye mashamba. Je, humu ndani? Ni nani anayefanya kazi parokiani kwetu bila ujira wala shukrani?"

"Mimi," akasema Mwalimu Mkuu.

"Kazi gani, Mwalimu?" nesi akauliza.

"Uenyekiti."

"Hiyo si kazi, Mwalimu, hiyo ni kukaa."

Paroko akacheka, akakohoa ili ionekane ni kikohozi. Mimi nikaendelea. "Vitambaa vya altare. Sabuni ananunua nani? Mkaa? Nani amewahi kumuuliza kama mgongo unamuuma? Ishirini na mbili, miaka ishirini na miwili!" Nilipiga meza kidogo. Nilikuwa nimeona mhadhiri mmoja akifanya hivyo.

 Paroko akatazama mikono yake. "Na mimi ndiye ninayevitumia kila siku," akasema. "Nina aibu."

Parokia haikuwa na fungu la kumwajiri mfuaji. Basi tukaona njia ya haki ni kugawana mzigo: jumuiya saba ndogo ndogo, kila moja ifue mwezi mmoja kwa zamu, na yeye apumzike kwa heshima. Lilikuwa wazo safi kabisa. Lilikuwa na mshikamano, lilikuwa na hadhi ya kazi, lilikuwa na jedwali.

"Mmemuuliza mwenyewe?" nesi akasema.

Swali lile liliulizwa. Sitaki kusema halikuulizwa. Na aliyelijibu ni mimi.

"Ni mama yangu mdogo, namjua. Ukimuuliza atakataa. Watu wa namna yake wamezoea kubebeshwa hadi wanadhani mzigo ni sehemu ya mwili."

Mwalimu Mkuu akaitikia kwa kichwa, amependezwa na jinsi nilivyoipanga sentensi. Nesi akanitazama, akatazama saa, zamu yake ilikuwa inaanza. Nami kwenye muhtasari nikaandika: "Mhusika alishirikishwa."

Alhamisi nikaenda kuchukua ufunguo wa kabati la vitambaa la sakristia, chumba cha vifaa vya misa. Nilimkuta mezani, anapiga pasi mashati ya mteja.

"Hodi."

"Pita. Chai ipo, sukari imekwenda kwa jirani, haijarudi."

"Mama Mdogo, nimekuja na habari njema."

"Umerudi chuo?"

"Hapana."

"Basi umepata mchumba."

"Hapana, Mama Mdogo."

"Basi hilo neno njema lipunguze kidogo."

Nikamweleza. Kamati imekaa, imeona amebebeshwa mzigo usio wake, kuanzia sasa jumuiya zitafua kwa zamu. Pasi haikusimama. Ilikwenda kwenye kola, ikazunguka kifungo, ikarudi.

"Nani amesema nimechoka?"

"Si suala la kuchoka. Ni suala la haki."

"Haki ya nani?"

"Yako."

"Aa." Akageuza shati. "Na Padre naye amesema hivyo?"

"Padre amesema anaona aibu, muda wote huu."

Hapo ndipo pasi ikasimama. Akaisimamisha kwenye kisigino chake, akakaa akiitazama. "Aibu," akasema. "Haya. Kama Padre anaona aibu."

Ufunguo ulikuwa umebanwa kwa pini upande wa ndani wa gauni lake. Akageuka akatazama ukuta, akaubandua, akanipa ungali na joto. "Waambie maji ya kwanza yasiende mferejini."

"Nitawaambia."

"Na vile vidogo wasivianike juani, vinakuwa vikavu kama makaratasi."

"Nitawaambia, Mama Mdogo. Wewe pumzika sasa."

Akaishika pasi. "Nenda, nisije nikaunguza shati la watu."

Niliondoka nikiwa na furaha. Hiyo ndiyo sehemu inayoniuma kuliko zote. Nilitembea barabarani nikirusha ufunguo juu na kuudaka.

Jumapili tukamuaga. Cheti nilikiandaa mwenyewe, na maua pembeni, kwenye fremu yenye kioo: kwa kutambua huduma iliyotukuka. Mwalimu Mkuu alipanga kiwe kwenye matangazo, na matangazo ni baada ya komunyo. Watu walikuwa wametoka kupokea, wamerudi, wamekaa. Ndipo jina lake likasomwa kwa kipaza sauti, na akaombwa apite mbele.

Alitazama kulia, akatazama kushoto, kama mtu aliyeitwa polisi. Baba Mdogo akafunga kitabu cha nyimbo. Mama Mdogo akainuka, akapita katikati, njia ile ile ambayo dakika tano kabla wenzake wote walikuwa wameipita. Sijui kama kuna mtu mwingine aliyeliona hilo. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya altare na fremu mkononi, na nilimwona anavyotembea: mikono aliifumbata kifuani bila kujua, kama wanavyofanya wanaokwenda kupokea. Alipofika kwenye ngazi nikamkabidhi karatasi. Kanisa likalipuka kwa makofi. Mama mmoja akapiga vigelegele.

"Asanteni," akasema. Kipaza sauti hakikumfikia.

Zamu zikaanza. Jumuiya ya kwanza walitia bluu ya nguo nyeupe bila kipimo, altare ikawa na rangi ya mawingu. Ya pili walituachia alama ya pasi katikati ya kitambaa kikubwa, imekaa vizuri kama muhuri wa ofisi. Ya tatu walifua kwa mashine pamoja na jezi za timu ya mtaa. Mwezi ule paroko alisoma misa juu ya waridi hafifu, na nilisikia mzee mmoja akiuliza kama tumeingia kipindi gani cha liturujia. Maji ya kwanza yalikwenda mferejini. Sikuwaambia. Nilisahau, na nilikuwa na jedwali la kusimamia.

Paroko hakulalamika. Angelalamikaje, naye alishasema anaona aibu?

Kwa Mama Mdogo sikuona badiliko. Alifanya kazi za wateja wake, alitania, alinipa chakula. Cheti kilitundikwa juu ya mlango wa chumba cha kulala, mahali ambapo ukikaa sebuleni hukioni. Mimi nilisema moyoni, ona, anapumzika.

Aliyenifungua macho ni Baba Mdogo. Nilikuwa napita kibandani kwake mchana mmoja, akaniita kwa nyundo, akinielekezea kibao cha wateja.

"Kaa hapo. Vua kiatu."

"Kiatu kizima hiki, Baba Mdogo."

"Vua. Mtu aliye pekupeku haondoki katikati ya maneno."

Nikavua. Akakiweka nyuma yake, mbali nami, akachukua kitambaa alichokuwa anafutia rangi ya viatu, akanionyesha. Kilikuwa cheusi kwa rangi, lakini kilikuwa kimepigwa pasi na kukunjwa. Mara tatu kwa mara tatu.

"Unakiona? Kila Jumamosi. Amemaliza leso zangu, amemaliza taulo za jikoni, sasa yuko kwenye matambara ya kazi. Naogopa kuvua soksi."

Nikacheka. Yeye hakucheka, na Baba Mdogo ni mtu anayecheka hata akijigonga kidole.

"Nikuulize wewe msomi. Ulimwondolea kazi gani?"

"Kufua."

"Kufua." Akaweka kitambaa kwenye goti. "Sisi wawili hatupokei. Sawa. Sheria naijua, silalamiki, yaliyonikuta niliyaanza mwenyewe kabla yake. Mimi nimezoea, nasoma nyimbo, namaliza kitabu kizima. Lakini yeye alikuwa na lake. Jumamosi akikunjua vile vitambaa alikuwa ananiambia, fundi, nyamaza kidogo. Nami nanyamaza. Siku moja nikamuuliza unafikiria nini. Akasema, wenzetu wanakula mezani, mimi nakung'uta kitambaa cha meza, lakini nimo ndani ya nyumba." Akanitazama. "Mkamtoa nyumbani, mwanangu. Mkampa na fremu."

Magari yalipita. Mteja mmoja akaleta viatu vya shule, akaulizwa vya lini, akaondoka. Nilikuwa bado nimekaa pale na soksi moja nje.

"Kwa nini hakusema?" nikauliza.

"Mlimuuliza?"

Kamati ikakaa tena, nikawaeleza aliyoniambia Baba Mdogo, na safari hii niliomba muhtasari wa nyuma usahihishwe. Palipoandikwa mhusika alishirikishwa, paandikwe hakuulizwa, na katibu ndiye aliyezuia asiulizwe. Mwalimu Mkuu akasema muhtasari ukishathibitishwa haufutwi. Nesi akamwambia basi andikeni pembeni, kalamu ni ya nini. Paroko akafunika uso kwa viganja. Alikuwa amelisoma jalada lao la ndoa zaidi ya mara moja, akasema, na bado hakuona.

"Tumwandikie barua ya kumrejesha," Mwalimu Mkuu akashauri.

"Barua!" nesi akasema. "Mngemwuliza kwa mdomo mara ya kwanza, leo tusingekuwa hapa. Nenda wewe, katibu, kwa miguu yako."

Nikaenda kwa miguu yangu. Alikuwa nje anaanua nguo za wateja, na pini za nguo mdomoni. Nikamsaidia kushika ncha ya shuka, tukalikunja pamoja, yeye akija kwangu, mimi nikienda kwake. Kisha nikatoa ufunguo.

"Mama Mdogo, nilikosea. Kamati imekaa, imekubali imekosea. Tunaomba urudi."

Akatoa pini mdomoni moja moja, akazitia mfukoni. "Kwanza umeiuliza kamati, ndipo umekuja kwangu?"

Ndivyo nilivyofanya. Ilikuwa mara ya pili.

"Mngeniuliza siku ile."

"Ungesema nini?"

"Ningesema hapana. Mtu huulizwa ili aweze kusema hapana, mwanangu. Chuoni hamkufika huko?"

"Labda ilikuwa mwaka wa mwisho."

Akacheka, kicheko kifupi cha puani, nami nikadhani tumepona. Nikasogeza mkono wenye ufunguo. Hakuupokea.

"Sikia," akasema. "Nilivifua kwa sababu vilichafuka na mfuaji hakuwepo. Basi. Hakuna aliyekuwa ananitazama, hakuna aliyekuwa anajua Mama Pasi anawaza nini. Lilikuwa jambo langu na Mungu, na wengine waliona sabuni tu. Sasa mmekaa mkalijadili. Nesi anajua, Mwalimu anajua, limeandikwa. Nikirudi, kila atakayeona kitambaa kimekaa vizuri atasema maskini, wamemrudishia asije akalia. Padre atafuta kikombe akinihurumia. Mimi nitavikunjua vipi vile vitambaa nikiwa najua hivyo?"

"Tutanyamaza. Hatutasema kwa mtu."

"Mmeshasema. Wewe uliniita kwa kipaza sauti." Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama anavyotaja doa: hili ni la kutu, halitoki. Akachukua beseni la nguo, akaliweka kiunoni. "Walete hao wa zamu, nitawafundisha. Waje mmoja mmoja, wasije na daftari."

Amewafundisha. Jumuiya ya nne na ya tano zimepita kwake, na altare ni nyeupe tena; ukiingia kanisani hutajua kama kuna lililotokea. Mwalimu Mkuu kwenye ripoti ya mwaka ameiita "mafunzo kwa wanajumuiya" na kuiweka kwenye mafanikio. Niliandika mimi ripoti hiyo. Nilibisha, nikashindwa kwa kura. Yeye mwenyewe hagusi. Anakaa kwenye kigoda, anaelekeza kwa mdomo, mikono ameikalia.

Na misa anakuja. Lakini siku hizi ikifika sala ya Mwanakondoo wa Mungu, kabla tu ya komunyo, anainuka, anatoka kwa mlango wa pembeni, na harudi hadi sala ya mwisho. Baba Mdogo anabaki peke yake na kitabu chake. Watu wanadhani ni kibofu, umri.

Jumapili moja nilimfuata. Kuna ukingo wa saruji nje ya mlango ule, karibu na baiskeli za watu. Alikuwa amekaa hapo, ameweka mkoba magotini, anatazama baiskeli. Nikakaa kando yake.

"Umefuata nini?"

"Nimekuja kukaa na wewe."

"Ni wakati wa komunyo."

"Najua."

"Unajua halafu umekaa." Akanisukuma kwa bega, kama zamani nilipokuwa nachelewa shule. "Nenda. Wa kukaa nje anatosha mmoja."

"Mama Mdogo..."

"Nenda, mstari unaisha. Na ufunge kamba ya kiatu, utaanguka mbele za watu."

Nikafunga kamba, nikaenda. Nilikuwa wa mwisho kabisa. Kwa mlango uliokuwa wazi niliuona mgongo wake na mkono mmoja unaolainisha gauni gotini, unalainisha, unalainisha, mahali ambapo hapakuwa na mkunjo. Paroko alikuwa ameinua hostia mbele yangu na alishasema maneno yake, Mwili wa Kristo, akingoja Amina yangu. Ikabidi ayaseme mara ya pili.